Mchicha wa Jirani

Mwaka wangu wa kwanza Leicester, jirani wa upande wa kulia alikuwa na mchicha ulionawiri kuliko wowote niliowahi kuuona Tanga, na wala hakuwa anaula.

Niliuona mwezi wa Agosti kupitia ufa wa uzio. Mashina mekundu, majani mapana yanayong'aa, na mashuke marefu ya maua yaliyoning'inia mpaka karibu yaguse udongo, mekundu kama yamechovywa kwenye damu. Nilikuwa na miezi saba sijala mboga ya majani isiyotoka kwenye mfuko wa plastiki. Nikaganda pale, beseni la nguo mbichi kiunoni, nikipiga hesabu: hapa mafungu sita, pengine saba, ukitia tui la nazi na kitunguu wanakula watu wanane. Mzee wa Kiingereza aliyekuwa akimwagilia alidhani nimevutiwa na maua yake, akanitajia jina kwa fahari. Kwa lugha yao mmea ule unaitwa kwa maneno yenye maana ya "penzi limelala linavuja damu." Nikamuuliza huwa anaupikaje. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa sitanii. Wataalamu wanauita Amaranthus caudatus, na ni mchicha kabisa, ndugu wa ule unaouzwa mafungu soko la Mgandini. Kule Peru, kwenye milima ya Andes, watu wamekula mbegu zake tangu kabla Mhispania hajatia mguu, na mpaka leo wanaziita kiwicha. Ndiyo jamaa ya zile mbegu za mchicha tunazosaga kwenye unga wa lishe. Uingereza mmea huu ulipita mlango wa bustani ya maua, jikoni haukufika. Mzee yule ameupanda miaka na miaka, kila mwaka anautazama ukikauka na kuanguka, kisha anaurundika kwenye mboji.

Tangu siku ile nikawa siwezi kupita kwenye duka la miche kwa amani. Mei yake nilikuta vikapu vya kuning'iniza mlangoni vimepandwa maua ya petunia, na kando ya petunia yanamwagika majani, mengine meusi ya zambarau, mengine kijani cha limau. Nikashika jani, nikaligeuza, nikanusa kidole. Matembele. Viazi vitamu vimezalishwa kwa ajili ya rangi ya jani tu, na bei ya kikapu kimoja Tanga ingeninunulia matembele ya mwezi. Ndani zaidi, kwenye vyungu vikubwa vya udongo, magimbi yamesimama kama mabalozi, na kibao kinasema ni "masikio ya tembo" ya kupamba kando ya bwawa. Kwenye rafu ya mbegu za maua, pakiti yenye picha ya ua la zambarau na ganda la zambarau: fiwi, njahi kama wanavyosema Wakikuyu. Majira ya baridi yalipokaribia wakaleta na kabichi za mapambo, zenye majani yaliyokunjamana kama marinda, ambazo ni mmea uleule wa sukuma wiki. Nilitembea kwenye duka lile kama mtu aliyewakuta jamaa zake wamevishwa nguo za watu na kusimamishwa kwenye picha ya harusi, na hakuna anayejua majina yao.

Kabla hujakimbilia kuchuma, neno moja la tahadhari. Mimea ya mapambo ya dukani hupuliziwa dawa ambazo mtu anayepanda chakula asingezitumia, kwa kuwa muuzaji hategemei kwamba utaila. Mimi sikuyala matembele yale. Nilikata vipande vya mashina, nikavitia kwenye glasi ya maji dirishani mpaka vikatoa mizizi, nikapanda upya kwenye udongo wangu, nikala yaliyochipua baadaye. Yana uchungu kidogo kuliko ya nyumbani. Niliyala yote.

Wala nisiwacheke Waingereza peke yao, maana sisi watu wa pwani tuna letu. Mrehani. Kwetu mrehani ni wa kuvaa: unafungwa kwenye kikuba pamoja na asumini, mkilua na waridi, unachomekwa kwenye nywele, unatiwa kifuani, unatandazwa kitandani kwa bibi harusi. Siku ya kwanza nilipoona Wataliano wameutwanga na mafuta na jibini wakachanganya na tambi, nilihisi kama mtu amemvua bi harusi kikuba chake akakisonga ugali. Nilikula kwa adabu. Sahani ya pili niliomba mwenyewe.

Uani kwa mama, Chumbageni, hakuna aliyepata kuniambia wapi maua yanaishia na mboga zinaanzia. Waridi lilikuwa mlangoni kwa sababu ya wageni. Mchicha ulifuata mfereji wa maji ya bafuni kwa sababu ya maji. Bamia ziliota karibu na asumini, na asubuhi usingeweza kusema ni lipi ua hasa, kwa maana ua la bamia, lile la manjano hafifu lenye moyo mwekundu uliokoza, ni la ukoo mmoja na haibiskasi zinazopandwa mbele ya mahoteli. Boga lilipanda juu ya paa la choo. Kunde zilikamata uzio. Mama hakuwahi kuita bustani. Aliita "uani," na alikuwa akifagia kuizunguka mimea kama anavyofagia kuwazunguka wageni waliokaa mkekani.

Uani kwangu sasa ni mita 9 kwa 4, nyuma ya nyumba ya matofali iliyobanwa na nyingine pande zote mbili. Udongo ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata kiatuni, ukikauka unapasuka kama kisigino. Ilinichukua miaka mitatu ya kuulisha mboji ndipo ukaanza kumegeka mkononi.

Lakini kilichonishinda mwanzoni kilikuwa majira. Masika ya kwetu yana kelele. Mvua ya kwanza inapiga bati usiku, kesho kutwa mchicha pori umetoka mpaka kwenye nyufa za baraza. Huku majira ya kuchipua huja kwa kuvizia. Februari unaona ncha za kijani zimetoboa udongo uliokufa. Machi kuna siku mbili za jua zinazokufanya uvue koti, na siku ya tatu theluji. Jumapili ya mwisho ya Machi serikali inasogeza saa mbele, jioni zinarefuka kwa mkupuo, na kila mtu mtaani anatoka na jembe akidhani joto limekuja. Halijaja. Hapa sakitu, yaani umande ulioganda, inaweza kushuka mpaka katikati ya Mei, na usiku mmoja wa sakitu unaufanya mchicha uwe kama mboga iliyochemshwa halafu ikasahaulika.

Mwaka ule wa kwanza wa kulima sikujua hayo. Nilisia mchicha Aprili mosi, nje, kama ninavyosia Tanga. Wiki tatu hakuna kitu. Mbegu ya mchicha inataka udongo wenye joto, nao udongo wangu ulikuwa baridi kama sakafu ya bucha. Nikarudia ndani, kwenye trei dirishani jikoni, ikaota kwa siku nne. Mwishoni mwa Mei nikatoa miche arobaini, nikaipanga mstari mzuri kwenye udongo mtupu uliopaliliwa ukang'aa. Asubuhi ya pili yalibaki mashina. Asubuhi ya tatu hata mashina hayakuwepo.

Konokono. Wale wasio na gamba hasa, wanene, weusi, wanaotoka giza likiingia na kufanya kazi kama wamelipwa. Mzee wa jirani aliponiona nimechuchumaa juu ya mistari mitupu alisema maneno mawili matatu ya pole, kisha akasema jambo ambalo nililielewa baadaye sana: nimewapangia meza. Kwenye udongo mtupu, kitu pekee cha kijani kilikuwa mchicha wangu.

Dawa ya chembechembe za buluu iliyokuwa ikitumika zamani, metaldehaidi, imepigwa marufuku kwa matumizi ya nje Uingereza tangu majira ya kuchipua ya 2022, kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama kama nungunungu wadogo wa huku. Sikuihuzunikia. Nilifanya mambo matatu. Namwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku udongo wa juu uwe mkavu. Nakuza miche kwenye vikopo mpaka iwe na majani sita na shina gumu ndipo niitoe. Na nilizika beseni la zamani usawa wa ardhi, nikalijaza maji na mawe. Mwaka wa pili chura akahamia. Chura huyo ndiye mfanyakazi wangu pekee. Zaidi ya hapo natoka saa nne usiku na tochi na ndoo, jambo ambalo mume wangu hapendi majirani walione.

Lakini kubwa lililobadilika ni kwamba niliacha mistari. Nilirudi kwenye mtindo wa uani kwa mama, nikachanganya.

Sasa ngoja nieleze kwa nini kuchanganya kunasaidia, maana hapa ndipo uwongo mwingi unapouzwa. Utasikia kwamba ua fulani lina harufu inayofukuza wadudu wote, panda moja kila kona na umemaliza. Karibu mwaka 2000, Stan Finch na Rosemary Collier, watafiti wa wadudu waliokuwa kwenye kituo cha utafiti wa mboga cha Wellesbourne, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwangu, walitoa maelezo ambayo mpaka leo nayaona matamu. Walimfuatilia nzi wa kabichi, yule ambaye mabuu yake hula mizizi. Nzi jike anaruka akinusa. Harufu ya kabichi ikimwambia "shuka," anatua juu ya chochote cha kijani kilicho karibu. Hatui juu ya udongo, rangi ya kahawia haimvutii. Akishatua anaonja jani kwa miguu. Likiwa la kabichi anaruka kidogo, anatua tena, anaonja tena, kama mama anayechagua nyanya sokoni, na akiridhika mara kadhaa mfululizo ndipo anashuka kutaga. Kabichi ikiwa peke yake kwenye udongo safi, kila anapotua ni kabichi. Ikiwa katikati ya mimea mingine ya kijani, mara ya pili au ya tatu anatua pasipo, hesabu yake inavurugika, anaanza upya au anakata tamaa na kwenda kwingine. Walijaribu hata na mimea bandia ya karatasi za kijani, isiyo na harufu yoyote, na mayai yakapungua vilevile.

Maana yake mshirika wa kabichi yangu anaweza kuwa ua lolote, hata jani lolote, ilimradi ni la kijani na liko karibu. Harufu haikuwa na kazi kubwa kama nilivyodhani. Na ile "meza" ya mzee wa jirani ilikuwa sayansi tupu, japo aliitoa kwa mzaha.

Katika maua hayo yanayosifiwa kwa harufu, marigoldi ina kesi yake. Ni yale maua ya rangi ya chungwa na manjano yenye harufu nzito, jamaa ya gugu linalojulikana kwetu kama bangi mwitu. Mizizi yake hutoa kemikali inayodhuru minyoo fundo, wale wadogo wasioonekana wanaoivimbisha mizizi ya nyanya. Hilo ni kweli. Ila linafanya kazi ukilipanda kwa wingi, likafunika eneo zima kwa msimu, kisha ukaja kupanda nyanya mahali hapo. Ua moja kwenye kona ni hirizi tu. Upande wa majani, Chuo Kikuu cha Newcastle kilichapisha mwaka 2019 majaribio ya kupanda marigoldi pamoja na nyanya kwenye vibanda vya kioo, na nzi weupe wakapungua. Kilichowakimbiza ni limonini, harufu ileile iliyoko kwenye ganda la chungwa. Lakini konokono, naapa, wanaipenda marigoldi kuliko mchicha. Ninaipanda kwa kujua hivyo. Wakiwa kwa marigoldi, hawako kwa mchicha.

Mpangilio wangu, kwa anayeutaka. Mwanzo wa Machi tulipu zinachomoza, nami nasia saladi na figili katikati yake. Kitunguu cha tulipu kimekaa chini sentimita 15, mizizi ya saladi haifiki huko, kwa hiyo hawagombani. Tulipu zikimaliza kutoa maua, majani yake huoza kwa aibu, ya manjano, yamelala, na haifai kuyakata kwa sababu ndiyo yanayokilisha kitunguu cha mwakani. Saladi iliyokwisha kupanuka inayafunika. Spinachi napanda ile ya mashina mekundu na manjano, ambayo ndiyo kila mtu Tanzania anaiita spinachi ingawa Waingereza wana jina jingine. Jua la saa kumi jioni likipita nyuma ya shina lile jekundu, hakuna ua uani linalolifikia.

Njegere zinapanda fimbo mwisho wa Machi. Hapa nilifanya kosa moja nikaacha: nilizichanganya na maua ya switipii, yanayofanana nazo jani na kikonyo na yana harufu ya peponi. Maganda yake nayo yanafanana na njegere. Mbegu zake ni sumu. Mtoto wa dada alipokuja kutembea na kuanza kumenya na kutafuna, niling'oa yote kesho yake. Siku hizi switipii ziko mbele ya nyumba, njegere nyuma.

Habari ya sumu si ya kupita haraka, hasa kwa sisi wageni. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza iliyaambia maduka makubwa yasiweke maua ya dafodili karibu na mboga. Watu walikuwa wakinunua matumba yake, vikonyo vya kijani vilivyofungwa kwa mpira, wakidhani ni aina ya majani ya vitunguu ya Kichina, wanapika, wanaishia kutapika. Kitunguu chake pia kinafanana na kitunguu maji, mpaka kimewahi kuingia kwenye supu iliyopikwa na watoto wa shule Suffolk, mwaka 2009. Nilisoma habari ile nikajiona mimi kabisa: mwanamke amesimama dukani, hana hakika na lugha, ameona kitu cha kijani kinachofanana na cha nyumbani. Halafu kuna mnavu. Kila mwaka unajiotea chini ya mawaridi ya mzee, naye anaung'oa kwa glavu akiuita sumu. Si mnavu wetu hasa, ni ndugu yake, na matunda mabichi ya ndugu huyo yana madhara ya kweli. Sijauchuma. Nautazama tu kwa masikitiko, kama mtu aliyeona gari linalofanana na la baba yake.

Njaa nayo ina namna yake ya kubadilisha majina. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, chini ya Wajerumani, watu walikula vitunguu vya tulipu. Hapa Uingereza, vita ileile, wananchi walihimizwa kulima kila kipande, na handaki kavu linalozunguka ngome ya Tower of London likapandwa mboga. Upande mwingine, wakati wa shibe, mboga ikapewa kazi ya ua. Maharage ya kutambaa yenye maua mekundu, ambayo leo ni mboga ya kila babu wa Kiingereza, yaliletwa kutoka Amerika karne ya 17 na yakapandwa kwa ajili ya maua yake, kabla hawajazoea kula ganda. Nyanya pia: John Gerard, aliyeandika kitabu kinene cha mimea mwaka 1597, alijua kwamba Wahispania na Wataliano wanaila, naye mwenyewe aliipanda, lakini hakuona cha maana ndani yake na alilalamikia harufu. Mzee wa jirani anapanda nyanya na maharage hayo kila mwaka na kuyala. Mchicha bado unasubiri zamu.

Kuna wanaofanya mchanganyiko huu wa mboga na maua kwa ufahari. Kasri la Villandry, Ufaransa, ambalo Joachim Carvallo, daktari Mhispania, na mkewe Mmarekani Ann Coleman walilinunua mwaka 1906, lina bustani ya mboga ya miraba tisa. Kabichi za buluu, viazisukari vyekundu na maua vimepangwa kama zulia, vinapandwa upya mara mbili kwa mwaka. Ni pazuri kupindukia. Mtu kama mimi akiingia na kisu cha mboga, sijui atakata wapi.

Mwalimu wangu wa kweli ni Bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuja hapa mwaka 1972. Ndio mwaka ule ambao halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia Waasia waliofukuzwa na Amin wasije mji huu. Walikuja, na leo Belgrave Road unapata mihogo, bamia, mchicha na ndizi za kupika. Bibi ana kishamba cha kukodi, vile vipande ambavyo sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kuwapatia wananchi wanaovihitaji. Kiswahili chake ni cha sokoni Mwanza na hakijaota kutu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba binti. Wewe bado unaweka mistari?"

Yeye hana mistari. Chini ni uwatu na giligilani, katikati mchicha, juu fiwi kwenye matao ya mianzi, na kila penye nafasi marigoldi, zile kubwa za rangi ya chungwa. Anazikuza kwa ajili ya Diwali, ashone mataji ya maua ya mlangoni na ya miungu yake, na kila Septemba anaanza kuiogopa sakitu itakayozikuta kabla ya sikukuu. Mbegu ananunua dukani, pakiti zimeandikwa kwamba ni marigoldi ya Kiafrika. Asili yake ni Mexico.

"Mimi nimezaliwa Afrika, hii haijazaliwa Afrika," aliniambia, akiipiga pakiti kwa ukucha. "Lakini jina amepata yeye."

Fiwi ndiyo iliyotuunganisha. Ile niliyonunua kama ua ilipanda uzio, ikajaa majani, Julai hakuna ua, Agosti hakuna ua. Nilidhani nimeuziwa dume. Bibi akacheka. Fiwi nyingi za nchi za joto husubiri usiku urefuke ndipo zitoe maua, na Leicester mwezi wa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku. Karibu saa 17 za mwanga, mmea wa watu haujui kama kumekucha au kumekuchwa. Maua yalikuja Septemba mwishoni, maganda machanga Oktoba, sakitu ikafuata. Tulipata bakuli moja. Bibi alilipika kwa bizari na ajwani, na akaniambia nitafute aina inayowahi, Wagujarati wenzake wanayo. Wazo hilo si lake peke yake. Shirika la Garden Organic, lenye makao karibu na Coventry, liliwahi kuendesha mradi wa kukusanya mbegu na maarifa ya wakulima wahamiaji wa Midlands, kwa sababu waligundua kwamba kwenye vishamba hivi watu walikuwa wameshachagua kwa miaka mingi mbegu zinazovumilia baridi na siku ndefu, bila kumwambia mtu.

Na mzee wa jirani? Hali mchicha wake, hata leo. Niliwahi kumpelekea bakuli, wa nazi, akala vijiko viwili akasema unafanana na spinachi, kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni sifa. Lakini kila Mei anapunguza miche iliyosongamana ili inayobaki ipate nafasi ya kurefuka, na zamani aliitupa. Sasa anaitia kwenye mfuko wa mkate na kuuning'iniza kwenye msumari wa uzio, upande wangu. Haweki ujumbe. Miche michanga mekundu, laini, isiyohitaji hata kukatwakatwa.

Naandika haya usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Mei. Tulipu zimebaki sita. Saladi imefunika. Njegere zimefika kiunoni na zimeanza kutoa maua meupe. Miche ya mchicha, nyanya, fiwi na marigoldi nimeitoa nje kutwa nzima, siku ya nne sasa, ili izoee upepo kabla ya kuhama. Utabiri ulisema nyuzi 6. Muda huu wamebadilisha, wanasema 2, na anga limetakata, nyota zote ziko nje, dalili mbaya. Trei ni kumi na moja. Dirisha la jikoni linachukua nne, ngazi zinachukua tatu, nne zilizobaki haziingii popote isipokuwa kwenye kochi, na kwenye kochi kuna mume wangu anatazama mpira.